Tathmini: huduma ya madai ya mshahara California kwa mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani

Mfanyakazi wa saa akifika kazini California na kuambiwa leo hakuna kazi, haondoki mikono mitupu. Kifungu cha 5 cha Amri za Mishahara za jimbo hilo (Wage Orders, yaani kanuni za mishahara na saa za kazi) kinamlazimisha mwajiri kumlipa sehemu ya zamu ile. Anayesimamia kanuni hiyo ni Ofisi ya Kamishna wa Kazi, inayojulikana pia kwa herufi DLSE, na yeyote anayedai mshahara anaweza kupeleka shauri lake huko bila kulipa ada na bila wakili. Hapa tunaipima huduma hiyo kwa dai moja tu: malipo ya kuripoti kazini. Maoni yetu ni kwamba kanuni ni imara na huduma inamtendea mnyonge haki kuliko mahakama nyingi, ila inachelewa kiasi cha kuumiza. Tena ushindi unategemea sana kipande kimoja cha ushahidi ambacho wengi hawakihifadhi, nacho ni ratiba ya zamu kama ilivyokuwa kabla haijabadilishwa.

Hesabu ndiyo msingi wa dai. Chukua saa ulizopangiwa siku hiyo. Kama hukupangiwa, chukua saa unazofanya kwa kawaida. Gawa kwa 2. Ikiwa ulifanya kazi pungufu ya nusu hiyo, au hukufanya kabisa, mwajiri anajazia mpaka nusu itimie. Jumla haishuki chini ya saa 2 na haipiti saa 4. Kiwango ni mshahara wako wa kawaida wa saa, hata ukiwa juu ya kima cha chini. Kima cha chini cha jimbo ni dola 16.90 kwa saa tangu 1 Januari 2026, na miji kadhaa imeweka kikubwa zaidi.

Tuseme unalipwa dola 20 kwa saa. Ulipangiwa saa 8, ukarudishwa mlangoni: unalipwa saa 4, dola 80. Ulipangiwa saa 8, ukafanya 1: unalipwa ile 1 ya kazi na 3 za kuripoti. Ulipangiwa saa 6, ukafanya 1: nusu ni 3, kwa hiyo unaongezewa 2. Ulipangiwa saa 3, ukarudishwa mlangoni: nusu ni saa 1 na dakika 30, lakini sakafu ni 2, basi unalipwa 2. Ukifanya nusu kamili, kwa mfano saa 4 kati ya 8, huongezewi kitu, kwa sababu kanuni inasema pungufu ya nusu.

Zamu ndefu ndizo zinazowakosesha watu hesabu. Aliyepangiwa saa 10 akafanya 4 na nusu yuko chini ya nusu ya zamu, na anatarajia kuongezewa dakika 30. Haongezewi, kwa kuwa dari ni saa 4 na yeye ameshalipwa zaidi ya hapo. Aliyepangiwa saa 10 akafanya 2 ataongezewa 2, wala si 3. Tunalikazia hili kwa sababu dai lenye hesabu iliyozidi humpa mwajiri nafasi ya kulishambulia lote.

Kuna pia kuitwa mara ya pili ndani ya siku moja. Umemaliza zamu ya saa 8, umeshaondoka, unapigiwa simu urudi, unafanya nusu saa kisha unaambiwa basi. Mwito wa pili una sakafu yake ya saa 2. Kwa yule wa dola 20 kwa saa, nusu saa uliyofanya ni ovataimu ya mara moja na nusu kwa kuwa umevuka saa 8, yaani dola 15, na saa 1 na nusu iliyobaki inalipwa kwa kiwango cha kawaida, dola 30. Jumla ni dola 45. Hapa ndipo waajiri wengi hulipa nusu saa tu, na mfanyakazi anayatia saini malipo hayo bila kujua.

Saa za kuripoti hazihesabiwi kama saa za kazi kwa ajili ya ovataimu. Mtu aliyefanya saa 38 kwa wiki na kuongezewa 3 za kuripoti analipwa saa 41, ila hakuna hata moja ya ovataimu ya wiki. Mwajiri makini huziandika kwenye mstari wake peke yake katika slipu ya mshahara. Zikichanganywa na saa za kawaida, baada ya miezi michache hakuna anayeweza kujua nini kililipwa kwa sababu gani.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, angalia kama tukio lako limo kwenye misamaha. Mwajiri halipi malipo haya ikiwa kazi haiwezi kuanza au kuendelea kwa sababu ya tishio kwa wafanyakazi au mali, au mamlaka za serikali zimeshauri kazi isimame. Ikiwa umeme, maji au gesi ya shirika la umma imekatika, au mfumo wa majitaka umeharibika. Au ikiwa kazi imekatizwa na nguvu ya asili au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wa mwajiri. Tetemeko la ardhi limo. Moto wa nyika uliofanya eneo lihamishwe kwa amri ya serikali umo. Wateja wachache hawamo. Meneja aliyepanga watu 9 mahali panapohitaji 5 amefanya kosa lake mwenyewe la kupanga, na kanuni hii iliwekwa ili gharama ya kosa hilo isibebwe na mtu aliyetoa nauli na kumlipa mlezi wa mtoto.

Msamaha mwingine unamhusu mfanyakazi mwenyewe. Ukiomba kuondoka kwa kuwa unaumwa, hudai. Ukifika umechelewa au katika hali isiyofaa kwa kazi, ukarudishwa kama adhabu, ofisi haitakuandikia malipo. Ndiyo maana baadhi ya waajiri humpa mtu karatasi ya kusema ameondoka kwa hiari yake, huku msimamizi ndiye aliyemwambia aende. Usitie saini maneno ambayo si kweli. Kama umeshatia, andika siku hiyohiyo ujumbe mfupi kwa msimamizi: "Nimeondoka saa 3 asubuhi kwa sababu uliniambia hakuna kazi." Ujumbe wenye tarehe, hata usipojibiwa, una uzito kwenye kikao.

Walio kwenye hali ya kusubiri mwito huku wakilipwa kwa kusubiri hawahesabiwi chini ya kifungu hiki wakiitwa nje ya saa zao za kuripoti. Wafanyakazi wa serikali za miji, kaunti na jimbo nao wako nje ya kifungu hiki, pamoja na watu wa mshahara wa mwezi waliosamehewa ovataimu kisheria. Aliyeitwa mkandarasi huru asikate tamaa mapema: California hutumia kipimo cha sharti tatu, na mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba huyo ni mkandarasi kweli. Ofisi inaweza kuliamua suala hilo ndani ya dai lilelile.

Kuhusu zamu za kupiga simu kwanza, sheria ilibadilika kwa manufaa ya wafanyakazi Februari 2019, katika shauri la Ward dhidi ya Tilly's. Wafanyakazi wa duka walitakiwa kupiga simu saa 2 kabla ya zamu kuuliza kama wanahitajika. Wakiambiwa hapana, hawakupata chochote. Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kupiga simu hivyo kunaweza kuwa kuripoti kazini, hata kama mtu hakukanyaga mlangoni. Mantiki yake ni kwamba yule aliyefungwa na simu hiyo hawezi kuchukua kazi nyingine wala kupanga siku yake. Uamuzi huo una mipaka. Ukitumiwa ujumbe jana jioni kwamba zamu ya kesho imefutwa, bila wewe kulazimika kuripoti kwa njia yoyote, kifungu cha 5 peke yake hakikusaidii.

Mikutano nayo ina hesabu yake. Katika Aleman dhidi ya AirTouch Cellular, mwaka 2012, mahakama ilisema mtu aliyepangiwa mkutano mfupi na akafanya angalau nusu ya muda uliopangwa analipwa muda aliohudhuria tu. Ile sakafu ya saa 2 haiamki. Kwa hiyo tangazo la mkutano linaloonyesha saa ya kuanza na ya kumalizika ni ushahidi, kwako au dhidi yako. Mkutano uliotangazwa bila saa ya mwisho, ukaisha baada ya dakika 20, unakupa hoja nzuri zaidi.

Sasa huduma yenyewe. Dai hufunguliwa kwa Fomu ya 1 ya DLSE, mtandaoni, kwa barua pepe, kwa posta au kwa kufika ofisini. Fomu inaeleweka, na hilo ni sifa kubwa kwa karatasi ya serikali. Udhaifu wake kwa dai letu ni kwamba imejengwa kwa mtu ambaye hakulipwa saa alizofanya, wakati wewe unadai saa ambazo hukufanya. Usiishie kuandika jumla. Ambatisha jedwali lako lenye safu hizi: tarehe, saa ulizopangiwa, muda uliofika, muda ulioondoka, nani alikuambia uondoke na kwa maneno gani, saa ulizolipwa, saa ulizostahili, tofauti kwa dola. Kama zamu zako hazina mpangilio maalumu, kuna Fomu ya 55, ambayo ni kalenda ya kujaza saa za kila siku. Ijaze hata kama inachosha. Afisa anayeliona dai lako kwa mara ya kwanza anapaswa kulielewa bila kukupigia simu.

Jina la mwajiri huangusha madai mengi kuliko watu wanavyodhani. Jina la kwenye bango la nje mara nyingi silo jina la kampuni kisheria. Slipu ya mshahara inapaswa kubeba jina halisi la kisheria na anwani. Anza hapo, kisha lilinganishe na daftari la makampuni la Katibu wa Jimbo, ambalo linatafutwa bure mtandaoni. Hukumu iliyotolewa dhidi ya jina lisilokuwepo haikusanyiki. Pale wakala wa ajira anapokulipa lakini unafanya kazi kwa kampuni nyingine, wataje wote wawili.

Kama huna slipu, omba nakala za kumbukumbu zako za malipo kwa maandishi. Mwajiri ana siku 21 za kalenda kukupa, na akishindwa anawajibika kukulipa dola 750. Ratiba ni jambo jingine. Ratiba nyingi leo ziko kwenye programu ya simu, na msimamizi akiipunguza zamu kutoka saa 8 hadi 2 baada ya kukurudisha, kumbukumbu itaonyesha kwamba ulipangiwa saa 2 na ukalipwa zote. Piga picha ya skrini mara ratiba inapotoka, tena siku moja kabla ya zamu, ukihakikisha tarehe inaonekana. Bila picha hiyo inabaki kauli yako dhidi ya kompyuta yao. Shahidi aliyepangiwa nawe siku ileile anaweza kuziba pengo, ila wengi huogopa kuja.

Muda wa kufungua dai la aina hii ni miaka 3 kutoka kila tukio. Usisubiri mwaka wa tatu, kwa kuwa kila wiki inayopita inakula tukio moja la zamani.

Baada ya kupokewa, dai huitiwa kikao cha usuluhishi, mara nyingi kwa simu. Hapo naibu wa Kamishna husikiliza pande zote na kujaribu kuwapatanisha. Ingia ukiwa na tarakimu tatu kichwani: unachodai chote, kiasi unachoweza kuthibitisha kwa karatasi, na kiasi cha chini utakachokubali. Mwajiri mwenye wakili huenda akatoa ofa ndogo mwanzoni. Naibu si wakili wako, na hatakuambia kwamba ofa ni ndogo.

Msiposuluhishwa, shauri linakwenda mbele ya afisa msikilizaji. Watu hula kiapo, kikao hurekodiwa, na ofisi hutoa mkalimani bila malipo ukiomba mapema. Omba Kiswahili kwa maandishi wakati wa kufungua dai, na urudie ombi ukipata barua ya kikao. Hakuna anayehitaji kueleza hali yake ya uhamiaji. Sheria ya kazi ya jimbo inamlinda mfanyakazi bila kujali hilo. Usipofika, dai hufutwa. Mwajiri asipofika, afisa huamua kwa ushahidi ulio mezani, jambo ambalo bado linakutaka uwe umeuleta. Kwa maoni yetu hapa ndipo huduma inapong'aa: maafisa hawa wanazijua Amri za Mishahara, na huhitaji kumfundisha mtu tofauti ya saa za kazi na saa za kuripoti.

Uamuzi hutolewa kwa maandishi, ukiwa na riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Upande usioridhika una siku 10 za kukata rufaa katika Mahakama ya Juu ya kaunti, au 15 kama uamuzi ulitumwa kwa posta ndani ya California. Mwajiri anayekata rufaa lazima kwanza aweke dhamana ya kiasi kamili alichoamriwa kulipa. Sharti hilo huzima rufaa nyingi za kupoteza muda. Mfanyakazi asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba Kamishna amwakilishe kwenye rufaa, bure.

Wengi wanaona dola 80 hazistahili usumbufu. Hapa kuna jambo la kuhesabu. Kama umeshaacha au kufukuzwa, na mwajiri kwa makusudi hakukulipa fedha zote za mwisho, ipo adhabu ya kusubiri: mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kuchelewa, hadi siku 30. Kwa mtu wa dola 20 na saa 8, hiyo ni dola 160 kwa siku, hadi dola 4,800. Mwajiri mwenye hoja ya kweli kwamba hakudhani anadaiwa anaweza kuepuka adhabu hiyo, kwa hiyo tuma kwanza barua inayotaja kifungu cha 5, tarehe na hesabu. Baada ya barua hiyo ni vigumu kwake kusema hakujua. Mara nyingine barua yenyewe humaliza kazi, maana idara ya mishahara ikiona hesabu iliyonyooka hulipa bila kumuuliza msimamizi.

Sasa kuhusu muda. Sheria inataka dai lifike kwenye uamuzi ndani ya siku 135. Mkaguzi Mkuu wa jimbo, katika ripoti ya Mei 2024, alikuta madai 47,000 yaliyorundikana, na kwamba ofisi mara nyingi huchukua miaka 2 au zaidi. Sababu kubwa aliyoitaja ni upungufu wa watumishi. Kwa mtu anayeishi kwa malipo ya kila wiki mbili hili halivumiliki, na kwetu ndilo linaloishushia huduma hii alama nyingi. Katika miaka hiyo meneja anahama, programu ya ratiba inabadilishwa, kampuni inafungwa. Ukihama nyumba, ijulishe ofisi mara moja. Barua ya kikao ikienda anwani ya zamani, ni wewe unayehesabiwa hukufika.

Kukusanya fedha ni shida ya pili. Utafiti wa Kituo cha Kazi cha chuo kikuu cha UCLA pamoja na NELP, shirika la kutetea haki za wafanyakazi, uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya wafanyakazi walioshinda na kupata hukumu mwaka 2008 hadi 2011, asilimia 17 tu ndio waliopata chochote. Tangu hapo ofisi imeongezewa mamlaka ya kukamata mali na akaunti, na kitengo cha utekelezaji wa hukumu husaidia. Bado, mpe afisa jina la benki iliyo kwenye hundi yako ya mshahara. Piga picha ya kila hundi.

Hofu ya kulipiziwa kisasi ni ya haki. Tangu 1 Januari 2024, mwajiri akikuadhibu ndani ya siku 90 baada ya kudai haki yako, sheria inachukulia tangu mwanzo kwamba amelipiza, na ni juu yake kutoa sababu halali nyingine. Kupunguziwa zamu nako ni adhabu. Malalamiko ya kisasi yana fomu yake na muda wake wa mwaka 1. Hayaingii yenyewe kwenye dai la mshahara.

Nani atumie njia hii? Aliyeacha kazi, mwenye matukio mengi, mwenye madai mengine pamoja na hili kama mapumziko ya chakula na ovataimu: atumie, bila shaka. Ikiwa wote wa zamu yenu wanarudishwa kila Jumanne, pelekeni taarifa ya pamoja kwa kitengo cha ukaguzi wa maeneo ya kazi cha ofisi hiyohiyo, kwa sababu kinaweza kukagua kumbukumbu za kila mtu. Mwenye tukio moja au mawili na karatasi zilizokamilika afikirie mahakama ya madai madogo. Kikomo chake kwa mtu binafsi ni dola 12,500, ada ya kufungua ni dola 30 hadi 75, na tarehe ya kusikilizwa huja ndani ya wiki chache. Hasara zake: hakimu huenda hajawahi kusikia kifungu cha 5, na mdai akishindwa dai lake hana rufaa.

Mfanyakazi wa duka kubwa ndani ya jiji la Los Angeles ana njia ya ziada. Tangu 1 Aprili 2023, makampuni ya rejareja yenye wafanyakazi 300 au zaidi duniani lazima yatoe ratiba siku 14 mapema. Yakipunguza zamu kwa dakika 15 au zaidi baada ya hapo, yanalipa nusu ya kiwango cha kawaida kwa muda uliokatwa. Kanuni hiyo inagusa hata zamu iliyofutwa kwa ujumbe wa jana jioni, pale kifungu cha 5 kinapokwama. Lalamiko lake linakwenda ofisi ya viwango vya mishahara ya jiji. Ukilipeleka kwa Kamishna utaambiwa urudi kulikotokea, na muda umepotea.

Walio nje ya California wasinakili hesabu hizi. Sheria ya shirikisho haina malipo ya kuripoti kabisa. Inalipa saa zilizofanywa tu. New Jersey hutoa saa 1. Massachusetts hutoa 3 kwa aliyepangiwa 3 au zaidi, kwa kima cha chini. New York kwa kazi nyingi hutoa saa 4 au urefu wa zamu, kilicho kidogo, nacho ni kwa kima cha chini, hivyo anayelipwa juu ya kima hicho anaweza kukuta saa alizofanya zimeshalifikia deni lote. Texas na Florida hazina kanuni ya namna hii kwa sekta binafsi. Kilichobaki huko ni mkataba wa ajira au wa chama cha wafanyakazi, ukiwepo.